Iwanza: Kijiwe cha Wanyamwezi Kilichojengwa na Watu Ambao Hakuna Aliyeandika Majina Yao

Ukipanda basi Tabora mjini kwenda Nzega, karibu katikati ya safari unapita Puge. Wengi huwa wameshalala au wako bize na simu. Basi linasimama, wauza karanga na mayai wanakimbilia madirishani, mtu anashuka na kuku wake, safari inaendelea. Dakika tano tu. Hakuna anayewaza kwamba nchi hiyo aliyoipita kwa usingizi, miaka zaidi ya 160 iliyopita, kila kijiji chake kilikuwa na kitu ambacho leo wasanifu majengo wa Ulaya wanaandikia vitabu vizima: jengo la watu wote, lililotengenezwa ili ukiingia mwili wako ushtuke kidogo, akili itulie, na umtazame binadamu mwenzako usoni.

Jengo hilo liliitwa iwanza.

Na kabla hujasema "aah, kijiwe tu hicho", tulia kwanza. Ndiyo, ni kijiwe. Lakini ni kijiwe kilichofikiriwa.

Barabara iliyokuwa na watu kuliko magari ya leo

Tuanze na mazingira. Katikati ya karne ya 19, Unyamwezi ilikuwa njia panda ya Afrika Mashariki. Misafara ilitoka Bagamoyo na pwani jirani ikibeba nguo, shanga na nyaya za shaba, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora ya leo. Hapo njia ziligawanyika. Moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine ilipanda kaskazini kuelekea Ziwa Nyanza, ambalo Mwingereza mmoja aliliona mwaka 1858 na akalipa jina la malkia wake. Kurudi pwani walibeba pembe za ndovu, na katika misafara mingi walikuwemo watu waliofanywa watumwa.

Richard Burton na John Speke walipotoka pwani mwaka 1857, walitumia siku 134 kufika Kazeh, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiarabu jirani na Tabora ya sasa. Waliingia tarehe 7 Novemba. Wapagazi wao walivaa nguo safi walizokuwa wamezitunza, wakapuliza baragumu, wakapiga bunduki hewani. Waliingia kama mastaa. Watu wakatoka nje kutazama.

Wapagazi wengi wa njia ile walikuwa Wanyamwezi wenyewe. Mzigo wa kilo 30 hivi begani, miezi kwa miezi. Kwa kijana wa Unyamwezi, kwenda pwani na kurudi kulikuwa kama leo kwenda Dar kutafuta maisha: ukirudi, unahesabika mtu mzima. Na kila jioni, msafara ukiwa ndani ya Unyamwezi, swali lilikuwa lile lile. Leo tunalala wapi?

Jibu lilikuwa: nenda iwanza.

Ilikuwaje hasa?

Maelezo marefu ya iwanza yaliyotufikia ni ya Burton, katika kitabu alichokitoa mwaka 1860. Alikuwa mtu wa kejeli nyingi na dharau kwa Waafrika, hilo halina ubishi. Ila macho yake yalikuwa makali, na alichokiona alikiandika.

Kila kijiji, anasema, kwa kawaida kilikuwa na iwanza mbili. Moja ya wanaume, moja ya wanawake. Zilijengwa pande mbili za kijiji, zikitazama uwanja mmoja wa kati, na kwenye uwanja huo kulikuwa na mrumba, mti mkubwa wa jamii ya mkuyu uliomwaga kivuli juu ya watu wote.

Iwanza ya wanaume ilikuwa kubwa na imara kuliko nyumba za jirani. Kuta zake zilisiribwa vizuri, kisha zikapakwa rangi: nyeupe ya majivu, nyekundu na nyeusi za udongo. Paa lilikuwa la nyasi, kwa kawaida limeinuliwa kidogo juu ya kuta ili hewa ipite. Milango ilikuwa miwili, mifupi. Ndani, karibu nusu ya nafasi ilichukuliwa na ubiri, jukwaa la mbao la kulalia lililoinuliwa juu ya nguzo. Katikati kuna mafiga na moto. Ukutani na darini zimechomekwa mikuki, pinde, mishale, rungu na fimbo.

Hapo wanaume walikaa, wakavuta tumbaku, wakanywa pombe, wakapiga soga, wakasikiliza habari za mgeni aliyetoka mbali. Wageni walikaribishwa. Mpagazi ambaye hajawahi kufika kijiji kile angeweza kuingia, akatua mzigo, akapata nafasi kwenye ubiri.

Sasa jaribu kuvuta picha ya mwili wako ukiingia mle.

Umetembea tangu alfajiri. Jua la Septemba Tabora unalijua, au muulize aliyesoma kule. Unafika mlangoni, mlango mfupi. Lazima uiname. Hata kama wewe ni bosi wa msafara, unainama. Ukiinuka ndani, giza. Macho hayaoni kitu kwa muda, kwa hiyo masikio yanaamka kwanza: sauti za watu, kijiti kinachopasuka motoni, mtu anakohoa. Halafu pua inapata zamu yake: moshi, udongo, tumbaku, mtama uliochachuka. Halafu ngozi: ubaridi. Ukuta mnene wa udongo unapokea joto mchana kutwa bila kuliruhusu lipite haraka, na usiku unalitoa polepole. Ndiyo maana nyumba ya udongo ni baridi saa nane mchana na ina kajoto saa nane usiku, bila feni, bila bili ya umeme.

Macho yanakuja mwisho. Yakishazoea, cha kwanza unachokiona ni nyuso, zimeangazwa na moto. Huna pa kujificha na wao hawana. Unasalimia.

Hapo ndipo utaalamu ulipo. Jengo limeshakufanyia kazi ya kukutambulisha kabla hujafungua mdomo. Limekuinamisha, limekutuliza, limekunyang'anya macho kwa sekunde kadhaa, kisha limekukabidhi kwa watu.

Na ule moshi unaoudharau? Ulikuwa unafanya kazi pia. Ulipanda darini ukakausha nyasi na fito, ukafukuza wadudu. Nyumba isiyowashwa moto paa lake huoza mapema. Kwa maneno mengine, jengo lilidumu kwa sababu watu walikaa ndani yake. Wakiacha kuja, linaanza kufa.

Nyumba ya pili ambayo haikuandikwa

Hapa kuna jambo la kuumiza kidogo.

Ile iwanza ya wanawake, upande wa pili wa uwanja, Burton hakuingia. Wanaume wageni hawakuingia. Kwa hiyo kitabu chake kinaeleza ubiri, kuta, rangi na mikuki ya wanaume, halafu kuhusu wanawake kinapita haraka. Speke, Stanley, Livingstone, Cameron, wote waliopita njia ile na kuacha vitabu au shajara walikuwa wanaume.

Matokeo yake ni haya: nusu ya majengo ya umma ya Unyamwezi ya wakati ule haina maelezo. Walikaa vipi mle ndani? Walizungumza nini? Msichana aliingia akiwa na umri gani, na bibi gani alikuwa na neno la mwisho? Karatasi ziko kimya.

Kimya hicho kina kejeli yake. Ukichukua kijiji chochote cha udongo katika ukanda huu, gawanya kazi ya ujenzi uone. Wanaume walikata miti, wakasimamisha nguzo, wakafunga fito, wakaezeka. Maji ya kukandia udongo yalibebwa na nani? Ukuta ulikandikwa na kusiribwa na mikono ya nani? Sakafu ilipigwa na kulainishwa na nani? Ziligusa kila sehemu ya jengo zile kazi ambazo, vijijini hadi leo, ukiuliza utaambiwa ni za akina mama.

Kwa hiyo ule ukuta laini ambao msafiri aliueleza, ukuta uliompa ubaridi akiwa hoi, kwa kila dalili ulikuwa na alama za viganja vya wanawake. Alilala ndani ya kazi yao. Hakuuliza jina hata moja.

Na si wao peke yao. Fikiria waliobeba maiti ya Livingstone mwaka 1873 kutoka Ilala, Zambia ya leo, wakapita Unyanyembe mwezi Oktoba, hadi pwani. Ulimwengu unawakumbuka Susi na Chuma, na wachache wengine. Walikuwa kundi la watu 60 hivi. Walilala wapi njiani, nani aliwapikia, nani aliwakatalia mlango na nani aliwafungulia? Historia ya barabara ile ni bahari ya watu wasio na majina.

Tembe la Kwihara: mlango umegeukia ndani

Ukienda Tabora leo ukauliza jengo la kale, utapelekwa Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kwenye tembe ambalo Livingstone na Stanley walikaa pamoja mwanzoni mwa 1872. Stanley aliondoka tarehe 14 Machi, Livingstone akabaki akingoja wapagazi mpaka Agosti. Leo ni makumbusho. Kuta nene za udongo, ua wa kati, paa bapa la udongo lililobebwa na magogo, mlango wa mbao wa mtindo wa pwani.

Ni jengo zuri. Ukiingia unahisi ubaridi ule ule. Lakini litazame vizuri uone linavyofikiri. Tembe la mfanyabiashara linageuzia dunia mgongo. Nje ni ukuta mtupu. Uzuri wote, kivuli, maisha, viko ndani, kwa mwenye mali. Kwa mgeni wa nje kuna baraza pale mbele, kibaraza cha kukaa, kuongea biashara na kunywa kahawa, basi. Na kumbuka mali iliyolindwa na kuta zile ilikuwa pamoja na watu: Kazeh na Kwihara zilijaa watumwa, na mikono ya watumwa ilikuwa sehemu ya nguvu kazi iliyoendesha mashamba na nyumba zile.

Iwanza, kwa upande mwingine, ilitazama uwanja. Haikuwa na mwenyewe.

Tusiipambe kupita kiasi lakini. Vijiji vya Unyamwezi wa wakati ule vilizungushiwa maboma ya miti kwa sababu vita vilikuwepo kweli. Mwaka 1871 tu, Mirambo alikuwa akipigana na Waarabu wa Unyanyembe na njia ya Ujiji ikafungwa. Ndani ya boma lile lile linalokaribisha wageni, watumwa walikuwepo. Na kuwaweka wanawake upande wao na wanaume upande wao kuna maana yake kuhusu nani aliamua mambo makubwa. Iwanza haikuwa pepo. Ilikuwa jengo la watu wa zama zake, lenye jambo moja ililolijua vizuri kuliko majengo yetu: namna ya kumpokea binadamu.

Iliondokaje?

Hakuna siku moja ambayo mtu alitoka akasema "kuanzia leo iwanza marufuku". Iliondoka kidogo kidogo.

Kwanza ni amani. Utawala wa Wajerumani ulipovunja nguvu za watemi na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaisha, watu hawakuhitaji tena kubanana ndani ya boma. Wakatawanyika, kila familia na eneo lake, karibu na shamba na ng'ombe wake. Kijiji kikaacha kuwa uwanja mmoja wenye mti mmoja.

Pili ni reli. Mwaka 1912 reli ya kati ilifika Tabora, mwaka 1914 ikafika Kigoma. Mzigo uliobebwa na mabega sasa ukabebwa na behewa. Mgeni akashukia stesheni, akalala karibu na stesheni. Vijiji vya njiani vikaacha kupokea watu.

Tatu ni vijiji vya ujamaa. Mwishoni mwa 1973 lilitoka agizo kwamba hadi kufika 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji vya pamoja. Watu wakarudishwa pamoja, lakini safari hii kwa mstari, nyumba baada ya nyumba kando ya barabara. Kukawa na ofisi, zahanati, shule, ghala. Mambo ya maana sana hayo, na wengi walijifunza kusoma humo. Ila ramani ile ya nyumba mbili zinazotazamana chini ya mti haikurudi.

Halafu likaja bati na saruji. Na hapa ndipo penye somo ambalo watu hulipita.

Ukuta wa udongo ni msumbufu. Kila mvua za masika zikiisha umemomonyoka, umepasuka, unataka kukandikwa upya. Nyasi za paa nazo huchoka, zinataka kubadilishwa. Tunaliita tatizo. Lakini usumbufu huo ndio uliokuwa unawaita watu. Kila mwaka lazima mkutane: huyu na jembe, yule na ndoo, watoto wanakanyaga udongo kwa miguu, kuna pombe au uji baada ya kazi, kuna nyimbo, kuna umbea. Jengo lilikuwa likiwajenga wao wakati wao wakilijenga.

Ukuta wa saruji hauhitaji mtu. Ukishapigwa rangi na kubandikwa kibao cha jiwe la msingi chenye jina la mgeni rasmi, kwaheri. Wananchi wanakuja wakiwa na shida ya muhuri tu.

Waliokumbuka

Wapo waliojaribu kulirudisha wazo.

Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, kuna Bujora. Miaka ya 1950 padri Mkanada, David Clement, pamoja na Wasukuma wa pale, walijenga kanisa la duara lenye umbo la nyumba ya kitemi, na altare yake ikafanana na kiti cha mtemi. Ukikaa katika duara unamwona mwenzako. Jina la padri linajulikana. Majina ya waliobeba mawe, mmh, uliza polepole.

Nchini Burkina Faso, kijana wa kijiji cha Gando aliyekwenda Ujerumani kusomea ujenzi, Francis Kéré, alirudi akajenga shule ya msingi ya kijiji chake, ikakamilika mwaka 2001. Matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, bati lililoinuliwa juu ili hewa ya moto itoke. Kina mama wakaja na kupiga sakafu kwa mikono kama wanavyofanya majumbani kwao. Mwaka 2017 alijenga banda jijini London akiiga mti ambao watu wa Gando hukutana chini yake. Mwaka 2022 akapewa Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa kabisa ya usanifu majengo duniani, Mwafrika wa kwanza kuipata.

Soma tena orodha hiyo. Udongo. Kivuli. Mti wa kukutania. Wanawake wanaopiga sakafu. Mtu wa Unyamwezi wa mwaka 1857 angetikisa kichwa akasema: sasa mnashangaa nini?

Na leo?

Ingia ofisi yoyote ya umma mjini. Taa nyeupe ya mrija, vigae vinavyong'aa na kurudisha kelele, benchi la chuma lenye baridi, wote mmeelekezwa upande mmoja, mnatazama dirisha lenye kitundu. Hamtazamani. Saa mbili mnakaa bega kwa bega na mtu, mnaondoka hamjui hata anaitwa nani. Mkitoka mnasema watu wa siku hizi hawana utu. Inawezekana. Lakini pia wamewekwa kwenye chumba kisichowapa nafasi ya kuwa nao.

Si lazima turudi kwenye nyasi. Benchi likigeuzwa likatazamana na lingine, gharama yake ni sifuri. Mti ukiachwa badala ya kukatwa kupisha maegesho, ni bure. Paa likitokeza nje mita moja zaidi, mama mwenye mtoto mgongoni anapata kivuli akisubiri zahanati ifunguliwe. Ukuta mmoja ukiachiwa wakazi waupake wenyewe kila mwaka, wana sababu ya kurudi. Na safari hii chumba kimoja kisiwe cha wanaume na kingine kikasahaulika. Waulizwe waliobeba maji.

Stendi inajengwa mtaani kwenu? Ofisi ya kata? Soko? Kuna kikao cha wananchi kabla ya msingi kuchimbwa, na mara nyingi vijana hawaendi. Nenda. Uliza swali dogo tu: tukikaa humo ndani, tutakuwa tunatazama nini?

Na ukipita Puge siku moja, inua macho kwenye simu dakika zile tano. Angalia mti wenye kivuli, angalia waliokaa chini yake na namna walivyokaa. Wamejipanga duara. Hakuna mhandisi aliyewachorea.